Jotham Anaziba Tundu la Dari

Jotham ni mlinzi. Mkewe, Mercyline, anafanya kazi hotelini. Wanaishi Al Ras, Dubai, na binti yao mdogo, Lois. Mwaka 2014 chumba chao kilikarabatiwa. Mwenye nyumba aling'oa kiyoyozi kikubwa cha paani, akaweka kidogo cha ukutani. Rangi Jotham na mkewe wakapaka wenyewe, huku wakiimba.

Lakini darini lilibaki tundu. Hapo ndipo ilipoishia dakti, lile bomba la bati lililokuwa likileta hewa baridi. Sasa lilileta vumbi na joto tu.

"Hiyo ni kazi ndogo," Jotham alisema.

Akachukua blanketi zito walilokuja nalo kutoka Nyahururu. Nani anajifunika blanketi kama hilo Dubai? Akalisokomeza tunduni, akabandika karatasi ngumu, akapaka rangi. Akajiona fundi kamili.

Haukupita muda, Lois akaanza kukohoa. Chumba kikanuka uvundo. Dawa za kliniki hazikusaidia. Mercyline akakata shauri mtoto apelekwe Kenya kwa nyanya yake. Alisema hivyo huku analia.

Ijumaa akaja jirani yao Ignatius, Mganda, fundi wa viyoyozi. Hata kabla ya kuketi, akanusa.

"Shemeji, humu kuna kitu kimeoza."

Akapanda ngazi, akabandua karatasi. Blanketi lilikuwa limelowa chapachapa, limeota ukungu mweusi.

"Jotham, kwani dari ilikuambia inasikia baridi?"

Mercyline alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Hewa ya paani ina joto na unyevu," Ignatius akaeleza. "Ikikutana na ubaridi wa chumba, inatoa maji. Blanketi linayanyonya, ukungu unaota, mtoto anauvuta. Tena blanketi na karatasi hushika moto upesi."

"Sasa tufanyeje?" Jotham akauliza.

"Kwanza tumuulize mwenye nyumba kama dakti hii haipeleki hewa kwa wengine. Na tundu la kutoa moshi jikoni au mvuke bafuni, usilizibe kamwe."

Mwenye nyumba akasema dakti hiyo haina kazi tena, waifunge. Ignatius akazima umeme. Wakavaa barakoa, wakasafisha, wakaacha pakauke kabisa. Kisha akakata bati, akabandika upande wa nyuma wa bati hilo kizuia joto kisichoshika moto. Akapaka gundi ya silikoni pembeni, akalikaza tunduni kwa skrubu. Mwishowe akapanda paani, akafunga na mdomo wa juu wa dakti ili unyevu usiingie.

"Khalas, kazi imekwisha," akasema, akaomba chai.

Wiki zilizofuata kikohozi kilipungua, kikaisha. Daktari akampima Lois, akasema kifua ni safi. Mercyline akampigia simu mama yake.

"Mama, Lois haji tena. Amepona."

"Na mimi nimeshaliambia kanisa zima anakuja?"

"Pole, mama."

"Pole haitoshi. Njooni nyote Desemba. Hebu nipe mjukuu wangu."

Lois akaishika simu kwa mikono miwili. Akaongea, akaimba, akacheka, akaongea tena. Hakukohoa hata mara moja.