Ubao wa Kukhu Khalayi

Mtoto wangu alikuwa na wiki mbili na hakuwa na jina. Alilia mchana, akalia usiku, na hospitali walipompima walisema hana ugonjwa. Sisi tulijua. Mtoto anayelia hivyo anatafuta jina la mtu wake aliyekufa, na akiitwa lile analolitaka, ananyamaza. Asipolipata, anachoka na kurudi alikotoka.

Jioni hiyo mama mkwe alikuwa amembeba, akiita majina.

"Ya huku kwetu yamekwisha, Jescah," alisema. "Na mtoto hata hanyonyi. Kwenu kuna nani?"

"Kuna shangazi Muhonja. Kuna kukhu Khalayi, bibi mzaa mama."

"Nitawaita. Wewe enda, lakini usikawie."

Nilikuwa na kazi ndogo tu. Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, nami nilikuwa nachapa picha katika nyumba ya sanaa hapo hapo kwetu Amalemba, ng'ambo ya ua wetu wa michongoma. Haikuwa nyumba ya kutafuta faida. Iliagiza picha kwa wasanii wa hapa, ikaziuza ili vijana wafundishwe kuchora. Mimi niliagizwa picha ya mtu wa kwetu, nikamchagua kukhu. Nilichonga sura yake kwenye ubao, nikaupaka wino, nikachapa nakala ishirini. Sheria ya kazi hiyo haina huruma: nakala zikitimia, ubao unakatwa msalaba usoni, asije akatokea mjanja wa kuchapa nyingine. Nehemiah, msimamizi wetu, alitaka ukatwe jioni hiyo kwa sababu sanduku la nakala lingeondoka alfajiri.

Kukhu hakuwahi kupigwa picha. Kila aliyemwelekezea kamera aligeuziwa kisogo. "Uso ni mmoja," alikuwa akisema, "na huo nitaenda nao." Kwa hiyo niliuchonga kwa kukumbuka tu, nikajiona nimemheshimu.

Ndani kulikuwa na giza. Stima ilikuwa imepotea. Niliwasha taa ya mafuta.

Kwanza ilinipokea harufu... tumbako. Ile tumbako kali aliyokuwa akinusa kukhu. Na Nehemiah ni mlokole, hata karibu na tumbako hakai.

Nakala zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba. Kukhu, na kukhu, na kukhu, wote wakinitazama. Zilikuwa zimekauka tangu juzi. Nilipoigusa moja, wino ulinishika kidoleni.

Ulikuwa na joto.

Niliogopa, sifichi. Lakini kilio cha mwanangu kilinifikia kupitia ua, nikajiambia nimalize nirudi. Nikaulaza ubao mezani, nikaweka patasi kwenye paji la uso.

"Jescah..."

Nyuma yangu. Polepole. Sauti ya mtu mzee aliyechoka na safari.

"Jescah... ngoja kwanza niingie."

Sikugeuka. Nilifumba macho nikasukuma patasi kwa nguvu zangu zote. Kutoka paji la uso, kando ya pua, mpaka kidevuni.

Kilio kikanyamaza.

Nilitupa patasi, nikakimbia. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, anacheka huku machozi yakimtoka.

"Amekubali," alinong'ona. "Nimeita Khalayi, akanyamaza pale pale."

Nilimchukua mtoto nikampeleka kwenye taa. Alikuwa ametulia, macho wazi. Kutoka paji la uso, kando ya pua, mpaka kidevuni, ulipita mstari mwembamba mweusi.

"Ni masizi hayo?" mama mkwe aliuliza.

Nililowesha leso nikasugua. Nikasugua tena. Haukutoka.

Asubuhi Nehemiah aliushika ubao akautazama. Sanduku lilikuwa limeshaondoka.

"Umekata mkato mmoja," alisema. "Sheria ni msalaba, Jescah. Unajua ubao hautokangi hapa hivi."

"Nitaumalizia nyumbani."

"Lete patasi, nimalize mimi."

Nilimpokonya ubao, nikaukumbatia kifuani nikatoka nao. Kazi yangu iliishia hapo, na sijutii.

Khalayi sasa anatembea. Ule mstari watu wanadhani ni kovu. Ubao uko chini ya kitanda changu, umefungwa kwa kitambaa, na hakuna mkono mwingine utakaougusa. Ubao naweza kuulinda. Nakala ndizo siwezi.

Mwezi uliopita Nehemiah alinikuta sokoni. Katika kupiga domo akaniambia nyumba ya mnunuzi mmoja huko Kisumu ilivuja kwa mvua kubwa, picha ya bibi yangu ikaloa yote. Nikamuuliza ni siku gani. Akasema Jumapili, mchana.

Jumapili hiyo, mchana, Khalayi alikuwa amelala kwenye mkeka mkavu, na jua linawaka. Aliamka anakohoa. Alikuwa anatapika maji. Maji safi, baridi, mengi kuliko tumbo la mtoto linavyoweza kubeba...

Nakala nyingine zimetundikwa kwenye kuta za watu nisiowajua, katika miji nisiyowahi kufika. Wewe ukiingia nyumba ya mtu ukaona picha ya bibi kizee iliyochapwa kwa wino mweusi, usimtishe mwenyeji. Mwombe tu asiitundike karibu na moto.