Sanda ya Alhamisi

"Tasi, unanipata?"

"Nakupata, Nanga."

"Mkeka umetandikwa. Mgeni wetu hajaonekana. Usimwamini mtu."

Redioni Sabiha Kombo aliitwa Tasi, na mkuu wake, Mzee Mbaruku, aliitwa Nanga. La kutomwamini mtu hakuwa na haja ya kuambiwa. Miaka tisa aliyoitumikia Idara ya usalama hakuwahi kumwamini mtu, na ndiyo maana alikuwa hai.

Alisimama nyuma ya meza ya chai, mlangoni mwa ukumbi wa Chuo Kikuu cha Mwambao, Bagamoyo. Dera la kijani, ushungi mweusi, birika mkononi. Ndani ya sikio lake kulikuwa na kipokezi kidogo kama punje ya kunde. Ubavuni, chini ya dera, ilitulia Glock 19 yenye risasi kumi na tano.

Casio yake ilionyesha saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

Bado dakika ishirini.

Kila Alhamisi chuo kile kiliwafungulia watu wote milango yake. Mwenye shahada aliingia, na muuza samaki wa sokoni aliingia. Walikaa pamoja wakasikiliza mhadhara wa historia na mambo ya nchi za nje, wakauliza maswali, wakanywa chai, wakarudi makwao. Hapakuwa na tiketi wala upekuzi.

Ndiyo sababu Sabiha hakulala vizuri siku mbili.

Mzungumzaji wa leo alikuwa Profesa Biubwa Mikdad, mwanamke wa miaka sitini na tano, Mkwere wa Miono, na mhadhara wake uliitwa "Nani Aliuza Pwani Hii?" Ndani ya mkoba wake wa ngozi mlikuwa na daftari kuukuu la karani mmoja wa zama za Mjerumani, limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Daftari lile moja lilikuwa na thamani kuliko ukumbi mzima.

Kampuni ya kigeni iitwayo Velmont ilidai kwamba ufukwe wote wa kijiji cha Kisakani uliuzwa kwa waanzilishi wake. Daftari lilisema vingine. Walipewa ruhusa ya kupanda mkonge miaka thelathini, basi. Shauri lingesikilizwa Jumanne ijayo huko ng'ambo, na wasuluhishi walikwisha kataa nakala. Walitaka daftari lenyewe. Likipotea, Kisakani inakwenda, na nyumba, na visima, na makaburi.

Bibi yake Sabiha alizikwa Kisakani.

Na juzi profesa alikuwa amepokea ujumbe kwenye simu yake. Sabiha aliujua kwa moyo.

"Sanda nimeshanunua. Alhamisi nakuzika mbele ya watu wako. Usikimbie."

"Dada, chai ina sukari hii?"

Sabiha aliinua macho. Aliyeuliza alikuwa Farhan, mkuu wa ulinzi wa chuo. Mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, redio ya Motorola kiunoni. Yeye ndiye aliyeuona ujumbe ule kwenye simu ya profesa, akaunakili, akaipigia Idara. Chuoni pale ni yeye peke yake aliyejua kwamba muuza chai wa leo hakuwa muuza chai.

"Sukari ipo pembeni, kaka."

Farhan alisogea karibu. Akashusha sauti.

"Profesa hajui kwamba mpo hapa. Nimefanya kama mlivyosema, asitiwe hofu. Likitokea lolote mimi natoa mkoba kwa mlango wa nyuma, naingiza kwenye Prado yangu. Halafu ndiyo tunamrudia profesa."

"Mkoba kwanza?"

"Mkoba ndio wanaoutaka."

"Aliyenunuliwa sanda ni profesa."

Farhan alitabasamu. "Dada, mimi Mzaramo wa Mapinga. Haya mambo ya ardhi yamenigusa. Baba yangu nimemzika mwaka jana tu pale pale Mapinga, shamba likaingiliwa hata arobaini haijafika. Najua watu hawa wanataka nini."

"Pole sana."

"Nimeshapoa."

Akaondoka na chai yake. Sabiha akamfuata kwa macho. Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha msoma taarifa ya habari. Huenda alisoma sana. Huenda.

Alichukua ndoo, akatoka nje kana kwamba anakwenda kumwaga maji. Nyuma ya ukumbi yaliegeshwa magari matatu. Alijifanya kufunga kamba ya kiatu mara tatu, na mara tatu alibandika kwenye tairi kidude cheusi kisichozidi kiberiti. Noah ya mkuu wa chuo, Land Cruiser ya mzungu mmoja aliyekuja na kamera, na Prado ya Farhan.

Hakumwamini mtu. Hata magari hakuyaamini.

"Dadi," alinong'ona. "Lango?"

"Kimya," alijibu mwenzake, aliyekaa ndani ya bajaji kama anasubiri abiria. "Abiria wananisumbua tu. Mama mmoja ananitukana kwa sababu nimekataa kumpeleka sokoni."

"Mpe pole."

"Nimempa. Ameongeza matusi."

Saa nne kamili profesa alipanda jukwaani. Mfupi, amejifunga kitenge juu ya gauni, miwani imening'inia kifuani. Alitoa daftari, akaliinua juu watu walione, akalirudisha mkobani na kuuweka mezani mbele yake.

"Nchi haiibiwi kwa bunduki tu," alianza. "Huibiwa kwa kalamu pia."

Ukumbi ukatulia.

Sabiha hakusikiliza. Alihesabu mikono. Mzungu mwenye shati la buluu, safu ya pili, alikuwa akiandika mno. Kijana wa safu ya nyuma alitazama saa yake kila dakika. Mwanamke mwenye baibui alikuwa na mfuko mkubwa mapajani. Farhan alisimama kwenye ngazi za jukwaa, hatua nne kutoka kwenye mkoba.

Dakika kumi. Ishirini.

Mlango mkubwa ukafunguliwa kwa kishindo.

"Biubwa!"

Vichwa vyote viligeuka.

Aliyesimama mlangoni alikuwa mzee mweusi tii, kanzu imemfika vifundoni, kofia ya mkono kichwani. Kwapani alibana kitambaa cheupe kilichokunjwa.

Sanda.

"Biubwa binti Mikdad! Nilikwambia usikimbie! Leo nakuzika!"

Mkono wa Sabiha ulikwisha ingia chini ya dera. Kidole kilikuwa juu ya bastola. Mita kumi na mbili, njia wazi, hakuna mtu katikati. Mzee akatembea. Hatua moja. Mbili.

Profesa alivaa miwani yake.

"Nani huyo aliyemfungulia mpagazi mlango wa mbele?" alisema kwenye kipaza sauti. "Luhende, babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka shingo ikazama kifuani. Wewe sanda tu inakutoa jasho!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko.

"Tulibeba sisi!" Mzee alipiga kelele huku akipanda ngazi. "Nyie mlikuwa mmelala mkekani mnakunywa madafu, mnasubiri Mnyamwezi afike mumle! Lala hapa nikupime!"

"Nipime na wewe unajua kuhesabu?"

Watu walishika mbavu. Mkuu wa chuo alifuta machozi. Yule mama wa baibui alipiga makofi mpaka mfuko ukamwanguka, zikamwagika ndizi. Mzee aliikunjua sanda, akaitupa juu ya meza ikafunika maji, karatasi, mkoba na mikono ya profesa, na wote wawili wakawa wanavutana chini yake kama watoto.

Sabiha aliachia bastola taratibu.

Watani. Mnyamwezi na watu wa pwani, Mkwere kwa Mzaramo, utani wao ni wa tangu enzi za misafara.

Alikumbuka siku waliyomzika bibi yake Kisakani. Wanyamwezi wawili waliruka kaburini, wakalala chali, wakasema marehemu haingii mpaka wapewe jogoo. Mama yake alilia na kucheka kwa pamoja. Pwani hii nzima hakuna msiba ambao watani hawakuuchezea.

Kwa hiyo ujumbe ule haukuwa tishio.

Mtu yeyote wa hapa angeusoma akacheka, hata yeye, kama asingeambiwa kwanza kwamba ni tishio.

Farhan aliusoma akapiga simu Idara, akapata sababu ya kuushika mkoba.

Kipokezi kikakwaruza sikioni.

"Mtishiaji yuko jukwaani," ilisema sauti ya Farhan. "Natoa mkoba."

"Subiri, Bwana Farhan." Sabiha alianza kutembea. "Nijibu kitu kimoja. Baba yako alipozikwa Mapinga, nani alilala kaburini?"

Farhan aligeuka, akamtafuta kwa macho.

"Swali gani hilo, dada?"

"Watani wenu. Walilala wangapi?"

"Mtu alale kwenye kaburi la baba yangu? Ningemvunja miguu!"

Sabiha akatupa birika.

Farhan aliona. Alichupa juu ya jukwaa, akapenyeza mkono chini ya sanda, akauchomoa mkoba na kumsukuma mzee Luhende akaanguka kitako. Kufumba na kufumbua alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma.

Wasikilizaji waliendelea kucheka. Walidhani naye ni mtani.

"Dadi! Ni Farhan! Prado nyeusi!"

"Namwona! Naziba lango!"

Prado iliipamia bajaji ubavuni, ikaisukuma mtaroni, ikatoka. Dadi alikwisha ruka. Sabiha alipita mbio pembeni yake, akarukia Boxer ya bodaboda aliyekuwa ameduwaa.

"Dada, pikipiki yangu!"

"Nakuja nayo!"

Barabara ya Dar es Salaam ilikuwa nyeupe kwa jua. Prado ilipita malori, ikapita bajaji za abiria, mshale wa spidi wa Boxer ukagusa tisini. Dera lilipepea kama bendera. Kilomita tano mbele Farhan aliacha lami, akakata kushoto, akafuata njia ya mchanga inayoelekea baharini.

"Nanga, anakwenda ufukweni. Nadhani kuna boti inamsubiri."

"Ipo," alijibu Mzee Mbaruku bila haraka. "Boti ya kijivu, injini mbili za Yamaha. Polisi wa majini wameiona. Usimwache aifikie."

"Haifikii."

Sabiha alibonyeza kitufe cha pembeni mwa Casio mara mbili.

Chini ya Prado, kidude kilifanya kazi yake. Tairi la nyuma lilianza kupumua, likalegea, likalala. Gari likayumba, likachimba mchanga mpaka ekseli, likazimika.

Farhan alishuka na mkoba mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa na Beretta.

Alipiga mbili. Moja ilipasua taa ya pikipiki.

Sabiha alijitupa chini, akabingiria, akapiga moja.

Beretta ilianguka mchangani. Farhan akapiga magoti ameushika mkono wake, damu ikichuruzika katikati ya vidole kwenye lile shati jeupe.

"Lala kifudifudi."

"Mmechelewa," alisema kwa meno yaliyobana. "Hata mkinikamata, Velmont hawaachi."

"Kifudifudi, kaka wa Mapinga."

Alimfunga pingu za plastiki, akamfunga jeraha kwa ushungi wake. Kisha akafungua mkoba.

Chaja ya simu.

Mkasha wa miwani.

Kashata nne za nazi kwenye karatasi.

Akaupindua, akaukung'uta. Hapakuwa na daftari.

Farhan aliinua kichwa. Uso wake ulionyesha mshangao wa kweli, na huo ndio uliomtisha Sabiha. Kama halikuwa kwa Farhan, lilikuwa kwa nani? Mzungu wa shati la buluu? Kijana wa saa? Profesa mwenyewe? Aliwapanga mmoja mmoja kichwani, akamtilia shaka kila mmoja. Aliiona Kisakani, na kaburi la bibi yake, na uzio wa waya.

Alibonyeza redio.

"Dadi. Funga milango ya ukumbi. Mtu asitoke. Daftari halimo."

"Daftari gani? Lile bovu bovu?"

"Dadi!"

"Liko hapa. Analo yule mzee wa sanda. Aliliiba walipokuwa wanavutana, amelikalia. Anasema halitoi mpaka profesa aahidi jogoo. Profesa anasema atampa kifaranga kigonjwa. Wapo kwenye mapatano."

Sabiha alikaa mchangani. Kwa mara ya kwanza siku ile alivuta pumzi mpaka mwisho.

Mtani akichukua cha mtani wake, si mwizi. Nani angemwekea ulinzi?

Saa sita kasoro, polisi walipokwisha mchukua Farhan na wenzake wa botini, Sabiha alirudisha Boxer kwa mwenyewe, akamwambia taa atalipiwa na serikali. Ukumbini mhadhara ulikuwa ukimalizika. Profesa alikuwa anasoma kutoka kwenye daftari, polepole, jina moja moja la wazee wa Kisakani waliokuwepo siku ile ya mkonge. Kila jina mtu fulani ukumbini aliitikia, "Babu yetu huyo." Mzungu wa shati la buluu aliandika yote. Alikuwa mwanafunzi tu, anatafuta shahada.

Kipokezi kilikwaruza.

"Tasi. Profesa anasindikizwa mpaka uwanja wa ndege. Rudi Dar."

"Nimekusikia, Nanga. Swali."

"Sema."

"Ule ujumbe wa sanda. Ulipousoma, hukucheka?"

Alikohoa kidogo.

"Mimi mtu wa Pemba, utani wenu siujui," alisema Mzee Mbaruku. "Rudi Dar."

Mzee Luhende alikuwa ameketi kwenye safu ya mbele, sanda begani, anasugua kiuno. Sabiha aliinama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe si ndiye muuza chai? Umetoka wapi kichwa wazi?"

"Nimetoka kutembea. Umeumia?"

"Nimeumia nini? Nimepata jogoo." Alimkazia macho. "Mtoto wa nani wewe?"

"Mama yangu Mkwere, wa Kisakani."

Macho ya mzee yakang'aa. Akaanza kuikunjua sanda. "Ahaa! Basi lala na wewe, nakuzika bure!"

Sabiha alinyoosha mkono, akaivua kofia ya mzee kichwani, akaivaa juu ya nywele zake zilizojaa mchanga. Akageuka, akatembea kuelekea mlangoni bila haraka.

"Mwizi!" alipiga kelele mzee Luhende nyuma yake. "Mkwere mwizi! Mshikeni!"

Hakuna aliyemshika.