Mchanga Ndani ya Sanduku

Kila Ijumaa alipotoka shule, Kija Masunga hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hadi karakana ya mama yake, kando ya barabara ya kwenda Maswa, akavua sare, akavaa gauni la kazi na kuanza kuchekecha.

Karakana ile ilijulikana Bariadi nzima. Mama yake, Apolonia, alitengeneza vipuri vya plau, na wakulima walivifuata kutoka mbali. Vyuma vilipotoka kukatwa na kuchomelewa vilikuwa na kutu, mafuta na magamba meusi ya moto. Ukivipaka rangi hivyo hivyo, rangi inabanduka kabla mkulima hajamaliza shamba moja. Kwa hiyo kila kipuri kiliingizwa kwanza kwenye sanduku kubwa la bati lenye dirisha la kioo. Fundi aliingiza mikono kwenye glavu ndefu zilizofungwa kwenye matundu mawili ya sanduku, akashika mpira wa kupulizia, na upepo wa kompresa ukarusha chembe ndogo za chuma kwa nguvu. Chembe zile zilikwangua kutu yote. Chuma kilibaki cheupe, chenye kukwaruza kidogo kama ulimi wa ng'ombe, na hapo rangi ilishika vizuri.

Chembe za chuma zilitumika tena na tena, mradi zichekechwe na zikae pakavu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Kija. Siku ya Ijumaa alizichekecha na kuziweka stoo, juu ya mbao. Jumamosi asubuhi alizijaza kwenye sanduku. Mama yake alikuwa na sharti moja tu: mchanga usiingie humo hata kiganja kimoja. Kija alikuwa ameshazoea kulisikia sharti hilo, naye hakuwahi kuuliza sababu.

Ijumaa moja ya mwezi wa Novemba, kabla hajamaliza kuchekecha, rafiki yake Winnie alichungulia mlangoni.

"Kija, njoo! Timu ya netiboli imepungukiwa mtu mmoja."

"Namalizia kidogo."

"Wenzako wameshaingia uwanjani!"

Kija alilitazama gunia la chembe. Lilikuwa wazi, chini ya upenu. Akajiambia kwamba atarudi kulifunga baada ya mchezo. Lakini mchezo ulinoga, na mvua ilipoanza kunyesha wote walikimbilia makwao. Gunia halikumjia akilini mpaka asubuhi.

Alipofika karakana alikuta maji yakichuruzika kutoka kwenye gunia. Chembe zilikuwa zimeshikana, mabonge mabonge ya rangi ya kahawia. Siku ile kulikuwa na vipuri arobaini vya wakulima wa Mwamapalala, nao walitaka kulima mara ardhi ikilowa. Mama alikuwa amekwenda sokoni kununua rangi.

Nyuma ya karakana jirani alikuwa akijenga nyumba. Mchanga wake wa mtoni ulikuwa umefunikwa kwa turubai, mkavu kabisa. Kija alitazama huku na huku. Akachota ndoo mbili, akamwaga kwenye sanduku na kufunga mlango wake. Gunia lililolowa akalisukuma nyuma ya vyuma chakavu.

Punde alifika Marcelo, fundi mwenye umri wa makamo aliyefanya kazi na mama yake tangu karakana ilipofunguliwa.

"Mwangaluka, mwanangu," alimwamkia kwa Kisukuma. "Umeshajaza sanduku?"

"Mwangaluka, mjomba. Tayari."

Marcelo alifunga kitambaa puani kama kawaida, akaingiza mikono kwenye glavu na kuwasha kompresa. Dakika chache baadaye kioo kilikuwa cheupe kwa vumbi. Vumbi lilitoka kwenye maungio ya sanduku, likamzunguka usoni. Marcelo alikunja uso lakini akaendelea, kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi. Kisha akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka akalazimika kuzima mashine na kutoka nje, akiwa ameshika kifua.

Mama Kija alimkuta akiwa amekaa kwenye jiwe, macho mekundu. Aliweka makopo ya rangi chini, akaenda kufungua sanduku. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani ametia mchanga humu?"

Kija alijipangusa mikono kwenye gauni. "Mimi nilijaza kilichokuwa kwenye gunia," akasema.

Mama akamgeukia Marcelo. "Mwaka jana wewe ndiye uliyesema mchanga wa mtoni unatosha."

"Nilisema, Mama Kija. Ukanikatalia, nikaelewa. Sijatia mchanga."

"Basi umejitia wenyewe?"

Marcelo alikung'uta shati lake, akachukua baiskeli na kuondoka polepole, akikohoa. Kija alimtazama mpaka akapotea barabarani.

Mchana alitumwa nyumbani kumpelekea baba yake chakula. Masunga alikuwa amekaa barazani kama siku zote. Zamani alifanya kazi ya kutoboa miamba migodini. Sasa hata kutoka kitandani hadi mlangoni kulimchosha, naye alizungumza kwa vipande vipande, akipumzika katikati ya maneno. Kija alijua tu kwamba baba ana ugonjwa wa kifua.

"Mbona umenuna?" baba aliuliza.

"Baba, kwa nini mama hataki mchanga kwenye sanduku?"

Masunga alivuta pumzi.

"Mchanga ni mawe yaliyosagika, mwanangu. Ukiurusha kwa upepo mkali unapasuka, unakuwa vumbi jembamba kuliko unga. Jingine hulioni hata kwa macho. Unalivuta, linaingia ndani kabisa ya mapafu, na huko linakaa."

"Hata ukikohoa halitoki?"

"Mimi nimekohoa miaka tisa." Akagusa kifua chake. "Tulitoboa miamba mikavu, tumejifunga vitambaa tu. Tulicheka tukionana nyuso nyeupe. Hakuna aliyetuambia."

Kija alisimama. Akilini alimwona Marcelo akiwa ameinama juu ya kioo kile cheupe, kitambaa puani. Hakungoja sahani. Alikimbia hadi karakana, akafika akihema.

"Mama, ni mimi. Gunia lililowa kwa sababu nililiacha wazi. Nikatia mchanga bila wewe kujua. Mjomba Marcelo hana kosa."

Mama yake akavua aproni. "Twende," akasema.

Marcelo aliishi mtaa wa Somanda. Walimkuta uani kwake, kikombe cha maji mkononi. Mama Kija hakungoja kukaribishwa kiti.

"Marcelo, nimekukosea. Nilikuhukumu kwa neno la mwaka jana. Naomba unisamehe."

Kija alipiga magoti. "Shikamoo, mjomba. Mimi ndiye niliyetia mchanga. Nisamehe."

"Marahaba." Marcelo alimtazama bila tabasamu. "Umeniumiza mara mbili, Kija. Umeniumiza kifua, ukaniumiza na jina. Uliniona naondoka, ukanyamaza."

Machozi yalimtoka Kija. Marcelo akamwinua kwa mkono. "Simama. Umekuja mwenyewe kusema. Hilo nimelipokea."

Siku hiyo hiyo mama alimpeleka Marcelo hospitali. Daktari alimpima, akasema vumbi la muda mfupi vile halikuonekana kumdhuru, ila arudi upesi kifua kikiendelea kusumbua. Kisha akamwonya Mama Kija kwamba sanduku linalovuja na kitambaa cha kufunga puani havimlindi fundi.

Jumapili baada ya kanisa walifanya kazi wote watatu, wamevaa barakoa za vumbi ambazo mama alizinunua. Waliosha sanduku kwa maji na matambara, bila kufagia, ili vumbi lisiruke. Marcelo aliziba maungio yake kwa mpira mpya. Kija alianika chembe kwenye turubai juani, akaponda mabonge na kuchekecha mpaka mikono ikamuuma. Zilizoharibika kabisa zilijaa ndoo nzima. Wakulima wa Mwamapalala walipewa vipuri vyao Jumatano, siku mbili baadaye kuliko walivyoahidiwa, na Kija mwenyewe ndiye aliyewaeleza kwa nini wamecheleweshwa.

Walipoondoka, mama yake alimketisha kwenye benchi la kazi.

"Kila fundi hukosea, Kija. Mimi nimekata vyuma vifupi mara nyingi, nami nikamhukumu mtu bure mbele ya macho yako. Ungeniambia asubuhi ile kwamba gunia limelowa, ningekukaripia, tukalianika, yakaisha. Ulipoficha, kosa lako likaingia kwenye pumzi ya mtu mwingine. Chembe za chuma zinaanikwa. Mapafu ya mtu hayaanikwi. Ukikosea, niambie mapema, hata kama unaniogopa."

"Nimekuelewa, mayu," Kija alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Mama akamkabidhi ufunguo wa stoo, na wakarudi kazini.