Bomba la Nne

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa shemeji na plagi mpya ya injini mfukoni. Ndege yake, aliyoiunda mwenyewe gerejini, ilikuwa na injini ya kukohoa. Inawaka, inamisi, inazima. Na kesho asubuhi alitaka kumpandisha dada yangu, mkewe. Mimi ni fundi wa magari, na nilikuwa nimeapa dada hapandi mpaka nisikie injini ile imetulia.

"Umechelewa, shemeji," alisema, kiganja mdomoni. "Imepona."

"Imepona? Kwani ilikuwa na mafua?"

Hakucheka. Akazungusha pangaboi la puani mwa ndege kwa mkono, na injini ikashika mara moja... laini. Maji kwenye glasi juu ya meza hayakutikisika.

Lakini ile harufu! Kama mdomo wa mgonjwa ambaye hajapiga mswaki wiki nzima.

Nikafanya tunavyofanya mafundi tukitafuta silinda isiyochoma: nikatemea mate kila bomba la moshi. La kwanza, chaa! Yakakauka. La pili, chaa! La tatu, chaa!

La nne, kimya.

Mate yangu yalikaa pale juu yakitetemeka. Kisha chuma kikayafyonza taratibu, pakabaki utelezi.

Uchafu gani huu? Nikafunga koki ya mafuta. Nikangoja...

Injini ikaendelea.

Nikang'oa waya wa silinda ya nne. Ikaendelea. Nikafungua plagi yenyewe, na pumzi ya uvuguvugu ikanipiga usoni. Nikamulika tochi ndani ya tundu.

Ufizi.

Mwekundu, umelowa, umepangwa meno ya watu. Mengine yalikuwa bado na damu kwenye mizizi. Nikatapika pale pale sakafuni.

"Umefanya nini, shemeji?"

Akaondoa kiganja. Mdomo wake ulikuwa pengo tupu.

"Aliyeniuzia injini alinieleza," alinong'ona. "Inataka kidogo tu."

Niligeuka nikimbilie ndani ya nyumba yao kumtoa dada. Kumbe alikuwa mlangoni pa gereji, amejiziba midomo kwa mtandio.

"Kaka," akaita, sauti imelegea kama ya kikongwe. "Usiogope. Kesho tutapanda watatu. Wewe umeipa nini?"

"Mate tu," nikasema.

Nyuma yangu injini ikapandisha mlio. Nikapeleka ulimi kwenye jino la nyuma.

Lilikuwa linacheza.