Muhuri wa Ghorofa ya Sita

Ngazi. Ghorofa ya nne, ya tano. Lifti mbovu tangu uchaguzi uliopita.

Mpelelezi Kiroboto alizipanda mbili mbili, bastola ya Beretta ikimgonga ubavuni, simu sikioni.

"Mkuu, Mtaalamu yuko ndani ya jengo. Nimkamate?"

"Una kibali?"

"Nina ushahidi. Analipwa na genge la silaha."

"Ushahidi wako unashughulikiwa."

Unashughulikiwa. Neno hilo limezika watu.

Mpango wa kuunganisha madaftari ya serikali ulikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Semina thelathini, chai na vitafunio, makabrasha hadi dari. Daftari la hospitali bado lilikuwa halisomani na la ardhi, wala la ardhi na la leseni. Mwishowe wakubwa wakakodi mgeni, huyo Mtaalamu, awaunganishie kwa wiki moja. Naye akatoboa tundu la siri kwenye mfumo: siku madaftari yakifunguka pamoja, nakala inakwenda kwa genge.

Hospitali ilikuwa na jina jipya la muuguzi mmoja. Leseni, picha yake. Ardhi, kiwanja chake. Tenganisha, huoni kitu. Unganisha, unagonga mlango wa shahidi aliyelitaja genge mahakamani.

Shahidi huyo ni dada yake Kiroboto.

Ghorofa ya sita. Masjala.

Mtaalamu alishafika dirishani, laptop kwapani, barua mkononi. Hospitali ilikuwa imegoma kufungua daftari lake bila barua yenye muhuri.

"Gonga, mama. Waziri anasubiri."

Karani wa masjala alivaa miwani taratibu. "Barua haina namba ya jalada."

"Mfumo mpya hauna majalada."

"Basi ukugongee muhuri huo mfumo."

Foleni ikacheka. Mtaalamu akapenyeza mkono dirishani, akaukwapua muhuri.

Muhuri ule hata Waziri hakuwahi kuugusa.

Chuma baridi kikamgusa Mtaalamu kisogoni.

"Mrudishie mama kitu chake," Kiroboto alisema. "Polepole."

"Huna kibali cha kunikamata."

"Kwa ujasusi, sina. Kwa kukwapua muhuri wa serikali mbele ya foleni nzima, sihitaji."

Pingu. Laptop ikaingia begini.

"Na wewe mwanangu," karani akasema, "ulikuwa kwenye foleni?"

"Hapana, mama. Samahani."

Ngazini Kiroboto alitoa simu ampigie dada yake. Akaitazama. Kampuni ya simu nayo ina daftari lake, la nani kampigia nani.

Akairudisha mfukoni, akamtanguliza mgeni, akashuka bila haraka.