Jina Alilolikataa

Lifti ya jengo la orofa sita ilikwama asubuhi, ukumbi umefurika watu, na fundi aliyekuja kuitengeneza akajikuta amebanwa mbele ya meza ya ofisi ya kutafuta ndugu waliopoteana. Ovaroli ya buluu, grisi hadi viwikoni. Binti wa mezani alivaa gauni la njano lililomkaa, usiseme. Wenzake walimwita Sikio, kwa sababu ya programu aliyoitengeneza.

Makarani huandika majina kama wanavyoyasikia. Jina lile lile huyu kaliandika kwa L, yule kwa R, wa tatu kaimeza H na kwenda zake. Mtu anatafutwa miaka, kumbe yumo kwenye orodha ya ofisi jirani. Programu ya Sikio iliyapima majina kwa jinsi yanavyotamkwa, ikayaleta yanayofanana na kuyapa alama juu ya mia. Ila mashine haikuwa na neno la mwisho. Mtu ndiye aliyesoma faili zote mbili, kisha akabonyeza "Ndiye" au "Siye".

Fundi naye alikuwa akimtafuta mkewe. Miaka sita nyuma mafuriko yaliwatoa nyumbani, wakapandishwa malori tofauti, basi. Sikio akaandika maelezo: mshonaji, ana kovu juu ya nyusi ya kushoto. Hakupatikana. Akamwambia fundi apite tena mwezi ujao. Alipita wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, na lifti ile, jamani, ikakaguliwa kuliko lifti yoyote mjini.

Simu za kuulizia faili zikageuka simu za kuuliza kama amekula. Fundi alimtania kwamba mwanamke mwenye majina laki mbili kwenye kompyuta hawezi kukosa moja la kumwita yeye. Sikio akamwita "Wangu", na jina likashika. Hata mama yake, aliyewakaushia wachumba wote waliotangulia, alimkaribisha chai na kumwita mwanangu.

Mwaka ulipotimia fundi alisema anataka kuoa.

"Lakini nitafutie mara moja ya mwisho," akamwomba. "Nije kwako moyo mweupe."

Kwa kumpenda, Sikio aliifanya kazi ile vizuri kupita kiasi. Alilegeza masharti ya programu ili isijali herufi zinazomezwa, akaingiza na orodha mpya kutoka mkoa mwingine. Jina likaja. Alama tisini na sita. Mshonaji, kovu juu ya nyusi ya kushoto, namba ya simu ipo. Chini karani wa huko aliandika: anamtafuta mumewe, fundi wa lifti.

Hapakuwa na shaka hata chembe. Sikio akabonyeza "Siye".

Hakuna aliyemshika mkono. Kidole kilikuwa chake. Jioni fundi aliuliza, akajibiwa hakuna kitu. Wakaenda kuchagua pete.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga hawakukosea. Sikio alikonda. Siku alipokwenda kupimwa gauni la harusi, mshonaji wa pale dukani akamzungushia utepe kiunoni huku akimtakia heri, na bibi harusi akaangua kilio hadi mwenye duka akafunga mlango. Kutoka pale alimpigia fundi aje ofisini, akamgeuzia kompyuta asome.

Alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Umejua lini?"

"Siku uliyoniomba. Leo ni siku ya arobaini na moja."

"Ukanitazama nachagua pete."

"Nilikupenda, Wangu. Niliogopa."

"Najua ulinipenda." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimuumiza Sikio kuliko tusi. "Ungeniambia siku ile, ningeondoka nalia kwa ajili yako. Sasa naondoka tu."

Fundi akamsogezea simu. Sikio akapiga mwenyewe. Mwanamke akapokea, cherehani ikilia nyuma yake. Sikio alimuuliza maswali matatu ya kuhakikisha, kama kazi inavyotaka, naye akayajibu yote bila kusita. Ndipo Sikio akamwambia kwamba mumewe yupo hai, amesimama hapa. Cherehani ikanyamaza.

"Dada," mwanamke alisema alipoweza kusema, "nilishakata tamaa. Mwezi huu nilitaka kuvua hata pete yake. Mungu akulipe. Wewe ni nani, nikuombee?"

Sikio alimtazama fundi. Fundi hakumtazama, alikuwa ameshanyoosha mkono kuomba simu.

"Karani tu," akajibu, akamkabidhi. Akatoka na kuwafungia mlango, akalie mbali, maana kilio cha mle ndani hakikuwa chake.