Beringi ya Mashine Mpya

Beringi, ile pete kubwa ya chuma, ilikuwa imetoweka. Ubavuni pa mashine mpya ya karatasi palibaki tundu jeusi, pana kama sinia.

Inspekta aliinama akachunguza sakafu. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, lakini akishika jambo haachi.

"Koplo, unaona nini hapa?"

"Sioni kitu, Afande. Pasafi kabisa."

"Ndiyo hivyo. Beringi haitoki bila kumwaga mafuta. Mwizi gani huyu, anaiba halafu anadeki?"

Koplo alicheka. Meneja wa kiwanda hakucheka.

"Afande, mwizi tunaye. Ni mlinzi. Usiku kucha ufunguo wa jumba hili alikuwa nao yeye. Kesho wawekezaji wanakuja. Wakiona mashine inazunguka, wanatia saini, tunajenga kiwanda cha pili, nchi inaacha kuagiza karatasi za madaftari kutoka nje. Wakiikuta imelala, wanaondoka. Mbane aseme ilipo!"

Mlinzi alikuwa mahabusu tangu alfajiri, na saa nane mchana angepandishwa kizimbani. Inspekta alikuwa ameshamhoji. Alimkuta amevua koti lake na kumfunika mahabusu mwenzake mwenye homa. Huo haukuwa ushahidi, lakini hakuusahau.

Sasa alikuwa anatazama swichi kuu ukutani. Ilikuwa imefungwa kwa kufuli jipya.

"Hili la nani?"

"Sheria yetu hiyo," alisema Meneja. "Anayetaka kuingiza mkono mashineni anafunga kwanza swichi kwa kufuli lenye jina lake, mtu asije akawasha. Akimaliza analitoa."

"Hili halina jina."

"Mwizi amelisahau."

"Akumbuke kudeki, asahau kufuli?" Inspekta alitikisa kichwa. "Asubuhi mngeiwasha mashine bila beringi, ingekuwaje?"

"Rola ingeanguka. Beringi ndiyo inayolibeba lile gogo la chuma."

"Ingemwangukia nani?"

"Vijana wanaopitisha karatasi."

"Basi mtu wetu alitaka mashine isimame, na hakutaka yeyote aumie. Nani alikuomba usiiwashe?"

"Hakuna."

"Meneja."

Meneja alijifuta jasho. "Fundi mkuu, yule tunayemwita Spana. Alitaka tufunge kwanza vizuizi, vile vyuma vya kukinga mikono isivutwe na rola. Kazi ya wiki nzima! Nikamwambia tutavifunga wageni wakishaondoka."

"Viko wapi?"

"Bohari, mlango wa ndani humu humu. Lakini vinahusiana nini na..."

"Twende."

Kasha la vizuizi lilikuwa nyuma ya marobota ya karatasi chakavu. Bohari nzima ilijaa vumbi, ila mfuniko wa kasha ulikuwa umefutwa. Koplo aliubandua kwa mtaimbo.

Beringi ilikuwa humo, juu ya vizuizi. Ilikuwa imepakwa grisi isishike kutu, ikaviringishwa kwenye kitambaa safi, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Ameificha mahali alipojua hutafungua," Inspekta alimwambia Meneja.

Spana alikuwa karakana, anapiga tupa kipande cha chuma. Alipoona Koplo anasukuma beringi kwenye toroli, mikono yake ilisimama.

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta.

"Marahaba, mwanangu."

"Jana ulitoka saa ngapi?"

"Na wenzangu wa zamu."

"Koplo amewauliza tulipokuwa tunakuja. Hawakukuona getini."

"Nilitoka baadaye kidogo."

"Baadaye usiku, au baadaye asubuhi?"

Fundi aliinamia tupa yake tena.

"Mzee, saa nane mlinzi anapelekwa mahakamani. Mimi sitoki hapa bila jibu."

Spana aliweka tupa mezani. "Ni mimi. Nilijificha mle ndani, asubuhi nikachanganyika na zamu iliyoingia."

"Kwa nini?"

"Mdogo wangu alipoteza mkono kwenye mashine ya zamani. Mimi ndiye niliyekimbilia swichi, nikachelewa. Sasa kesho, wa kwanza kupitisha karatasi mbele ya wageni ni binti yake. Mimi ni baba yake mkubwa. Mtoto amefurahi, hata usingizi hapati. Nimeomba vizuizi vifungwe, nimeomba tena na tena, naambiwa wageni, wageni!" Alimtazama Meneja. "Kiwanda kikue, nani hataki? Mimi nimezeekea hapa. Ila kisikue kwa mikono ya watoto wetu."

"Na mlinzi je?"

Macho ya mzee yalijaa machozi. "Nilidhani watamuuliza tu, wamwachie. Nilikuwa nakuja kusema."

"Ulikuwa unakuja lini?"

Spana alivua kofia.

"Tutakwenda kituoni uandike maelezo," alisema Inspekta. "Na wewe, Meneja, utaandika ya kwako. Mashine haiwashwi mpaka wakaguzi wa usalama waseme."

"Na wawekezaji?"

"Waambie ukweli. Kama wamekuja kujenga kweli, wiki moja haitawafukuza."

Kituoni walimkuta mlinzi ameshaachiwa kwa simu ya Inspekta, ameketi kwenye benchi, anarudishia kamba za viatu vyake. Spana alisimama mbele yake, kofia mkononi.

"Nisamehe, ndugu yangu. Umewekwa ndani kwa kosa langu."

Mlinzi alifunga kiatu cha kwanza, akafunga na cha pili, bila haraka.

"Nimekasirika, Spana, sikufichi. Mke wangu amelia tangu asubuhi." Alinyanyuka. "Lakini lile kasha la vizuizi na mimi nilikuwa naliona kila siku. Ungeniambia, kaka. Ningekushikia mlango."